Nani Amesema Pale Ni Patupu?

Kuna maneno mawili ambayo mkimbizi huyasikia hata kabla hajajua jina la kijiji anachopelekwa. La kwanza ni "kwa muda". La pili ni "patupu". Mtakaa hapa kwa muda. Mtajenga pale, pale ni patupu. Mimi nimekulia ndani ya maneno hayo, kambini Nyarugusu, na sasa kazi yangu ni kukaa na vijana waliozaliwa humuhumu. Kadiri siku zinavyokwenda naona maneno hayo yamebeba maamuzi tumboni. Anayesema mahali ni pa muda ameshaamua kwamba hapahitaji kufikiriwa sana. Anayesema ni patupu ameshaamua kwamba hakuna mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo nataka tuulizane hivi: mahali pa kupita panadai kupangwa vizuri kama mahali pa kudumu? Na anayepanga makazi ya watu wengine anadaiwa nini na watu hao?

Tuanze na huo muda wenyewe. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, kwenye msitu wa Kasulu, mkoa wa Kigoma, kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Fizi, Uvira, Baraka, ndiko wengi wetu tulikotoka. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule leo naye ana watoto, na watoto hao wanapelekwa shule asubuhi. Vizazi viwili vimeshapita ndani ya neno moja, "muda". Sikatai kwamba hatukuja kukaa. Nasema tu kwamba mtu halali kwa muda. Analala usiku kucha, na mvua ikiingia, inamwingilia kweli.

Sasa tuelewane kupanga eneo ni kitu gani. Wengi wanadhani ni kuchora mistari: unachukua karatasi na rula, unagawa viwanja, unapiga namba, kwisha. Wanaoisomea kazi hii wanasema kuchora kunakuja mwishoni. Kabla ya hapo kuna kutembea. Unatembea juu ya ardhi na kuiuliza maswali. Maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Udongo unanyonya au unateleza? Upepo unatokea upande gani wakati wa kiangazi? Mti gani umesimama hapa, na umeshika nini kwa mizizi yake? Nani anapita hapa, saa ngapi, akienda wapi?

Mimi nina diploma ya sekondari tu, ile ya Kongo, sikusomea ujenzi. Lakini katika kusomasoma nimekutana na watu wawili. Wa kwanza ni Kevin Lynch, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliyetoa kitabu kuhusu upangaji wa maeneo mwaka 1962, na wanafunzi wa fani hiyo wamekitumia miaka mingi. Wa pili ni Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Pennsylvania. Yeye mwaka 1969 alieleza njia ambayo hata mtoto anaielewa. Chora ramani ya eneo moja mara nyingi, kwenye karatasi zinazopitisha mwanga: moja ya maji, moja ya mteremko, moja ya udongo, moja ya miti. Halafu zilaze moja juu ya nyingine. Pale palipokolea giza ndipo ardhi inapokuambia, hapa usijenge.

Nilipomsimulia mama yangu habari hii, alicheka. Akasema kwao hakuna mtu mwenye akili aliyejenga palipoota matete, kwa sababu matete yanajua maji yako wapi kuliko binadamu. Hakuna aliyeweka jiko upande ambao upepo utapeleka cheche kwenye nyasi za paa. Kwa hiyo elimu hii si ngeni kwetu. Kigeni ni kupelekwa mahali ambapo mtu mwingine ameshajibu maswali yote kabla hujafika, na hujui kama alitembea au alichora tu.

Kanuni zipo, tena nzuri. Mashirika ya misaada yana mwongozo unaoitwa Sphere, ulioanza kutayarishwa mwaka 1997. Unasema kila mtu kambini apate angalau mita za mraba 45 za eneo zima, ukihesabu njia, vyoo, shule na bustani ndogo ya nyumbani. Ndani ya nyumba, mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Choo kimoja kisizidi watu 20, na kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka nyumbani. Bomba la maji lisiwe mbali kupita mita 500. Shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Kila mita 300 za nyumba ziachwe mita 30 za wazi, ili moto ukianza upande mmoja usile kijiji kizima. Na ardhi yenyewe iwe na mteremko wa asilimia 1 hadi 5, yaani ukitembea mita 100 uwe umeshuka mita moja hadi tano. Ikiwa tambarare sana maji yanatuama. Ikiwa kali sana, maji yanaondoka na udongo wako.

Nikisoma tarakimu hizi sizioni kama za kiufundi tu. Mita 50 za choo ni msichana anayetoka usiku bila taa. Mita 30 za wazi ni bibi asiyeweza kukimbia. Kila tarakimu ni mtu aliyefikiriwa, na ikivunjwa kuna mtu ameachwa nje ya hesabu.

Lakini tarakimu peke yake haitoshi. Ukipewa mji mzima wa viwanja vyenye vipimo sawasawa, utasema hapa pana haki, hakuna aliyependelewa. Subiri mvua ya Novemba. Maji hayasomi namba za viwanja. Yanaanza juu, yanapita uani kwa jirani wa kwanza, yanachukua majivu na takataka, yanapita kwa wa pili, yanapitia vyooni, na yakifika kwa mtu wa chini yamebeba ya wote. Huyu wa chini alipimiwa kwa kamba ileile. Kwa urefu na upana yuko sawa na wenzake. Kwa maisha hayuko sawa. Udongo wetu mwekundu ukishapasuliwa na maji unakuwa mfereji, mwaka wa pili ni korongo, mwaka wa tatu watoto wanazunguka mbali kwenda shule kwa sababu njia imeliwa.

Ndiyo maana nasema usawa na haki ni ndugu, lakini si mapacha. Usawa unaweza kuupima ukiwa ofisini, kwa rula. Haki inakutaka uende ukasimame pale chini wakati mvua inanyesha.

Mtu atanijibu: dada, hujui dharura wewe. Mwaka 2015, baada ya vurugu za Burundi, watu waliingia kwa makumi ya maelfu. Kambi iliyokuwa na Wakongo zaidi ya 60,000 ilipita watu 150,000. Watu walilala makanisani na kwenye madarasa. Nani angetembea na kuiuliza ardhi maswali wakati watoto wako juani?

Hoja hiyo naiheshimu. Nilikuwa hapa, niliona mabasi. Kwa mtu aliyelowa, turubai la leo ni bora kuliko mpango mzuri wa mwezi ujao. Lakini dharura ina mwisho wake, na tabia zake hubaki. Uamuzi uliofanywa kwa siku tatu kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kufikiri unaachwa miaka kumi, eti kwa sababu umeshafanywa. Haraka ya mwanzo inasameheka. Uvivu wa baadaye hauna udhuru, hata ukivaa nguo za haraka.

Na hata katika haraka kuna namna ya kuchagua. Mwaka 1972 mji wa Managua, Nicaragua, ulibomolewa na tetemeko la ardhi. Mhandisi mmoja Mmarekani, Fred Cuny, alishiriki kupanga kambi ya waliopoteza nyumba huko Masaya. Desturi ilikuwa kusimamisha mahema kwa mistari kama ya jeshi. Yeye aliyapanga kwa vikundi, yakitazamana, na katikati uwanja mdogo wa pamoja wenye jiko na huduma. Mahema ni yaleyale, ardhi ileile. Kilichobadilika ni kwamba jirani alimwona jirani. Mgeni akiingia, kuna macho. Mtoto akilia, kuna mlango unaomtazama. Kumbe mpangilio wenyewe unaweza kumrudishia mtu majirani aliowapoteza, au kumnyima.

Nieleze sasa jambo lililonifanya niandike. Karibu na kituo chetu cha vijana kuna eneo la wazi. Mchana wavulana wanapiga mpira, jioni wasichana wanacheza na kwaya zinafanya mazoezi kando. Msiba ukitokea, watu wanakaa pale. Mwaka 2023 ndugu zetu wapya walianza kuingia tena kutoka Kongo, wengi wakiwa na watoto wadogo, na nafasi ikawa shida. Likaja wazo kwamba eneo lile ligawiwe viwanja. Pale ni patupu, wakasema.

Vijana wangu waliwaka. "Dada, kila kitu tumenyimwa, sasa hata uwanja?" Nami moyoni nilikuwa upande wao. Nimeona uwanja ule unafanya nini. Kijana asiye na kibali cha kutoka nje ya kambi, asiye na kazi, asiye na shamba, akinyimwa na pa kukimbilia mpira, hasira zake zitakwenda wapi? Mimi ndiye ninayejua zinakokwenda, maana huwa naitwa usiku.

Kwenye kikao, mama mmoja aliyekuwa bado analala kwenye ukumbi wa wageni pamoja na watoto wake wanne alisimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Watoto wenu wanacheza mpira juu ya nyumba yangu."

Pakawa kimya. Vijana waliinamisha vichwa. Hapo niliona kwamba swali letu halikuwa kati ya wema na wabaya. Yule mama alikuwa na haki. Vijana walikuwa na haki. Na ardhi ilikuwa ileile moja.

Mzee mmoja wa kijiji alituokoa kwa neno dogo. "Kabla hamjagawana, kwanza mwende mkapaone mvua ikinyesha."

Mvua ilipokuja tulikwenda, vijana kumi na wawili, wale wamama wageni watatu, mzee, na mimi. Tulibeba vijiti na majivu. Maji yalipopita tukachora mstari wa majivu pembeni yake, palipotuama tukachomeka vijiti. Kesho yake tukaulizana njia. Wamama wakaonyesha wanapopita na ndoo. Wasichana wakaonyesha mahali wanapopaogopa baada ya saa kumi na mbili jioni, na hapo wavulana wengi walisikia kwa mara ya kwanza. Tukachora yote chini kwenye vumbi, halafu kijana mmoja anayejua kuchora akayahamishia kwenye karatasi. Hatukumjua McHarg siku ile, lakini tulilaza ramani juu ya ramani.

Tukaona nini? Theluthi ya chini ya uwanja ni bwawa. Mpira unachezwa pale kiangazi, lakini mvua ikija maji ya nyumba zote za juu yanapumzikia pale kabla ya kushuka taratibu. Ukijenga pale, umefanya madhara mawili: familia mpya umeilaza majini, na maji yaliyokosa pa kupumzika umeyatuma kwa kasi kwa watu wa chini zaidi. Ukanda wa katikati ndio pekee unaotenganisha nyumba za nyasi za upande huu na za upande ule. Huo ni kinga ya moto, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Ukingo wa juu, wenye udongo mgumu na njia ya karibu kwenda bombani, ulikuwa mzuri kwa nyumba.

Kwa hiyo mahali "patupu" palikuwa na kazi tatu au nne kwa wakati mmoja, bila mshahara. Aliyepaita patupu alikuja kiangazi, saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule.

Tulipeleka karatasi yetu: familia chache ziwekwe ukingo wa juu, uwanja usogee, chini paachwe. Hatukupewa yote tuliyoomba, na familia nyingine zilipelekwa mbali kuliko tulivyotaka. Lakini chini hapakujengwa. Yule mama sasa anakaa ukingoni, na kila wiki anawagombeza vijana kwa mpira unaogonga ukuta wake. Nafurahi nikimsikia. Ni ugomvi wa majirani huo.

Nilichojifunza ni kwamba kutembea hakuondoi mgogoro, ila kunaubadilisha. Mwanzoni tulikuwa tunashindana nani anastahili zaidi, vijana au wageni. Swali la namna hiyo halina jibu zuri, maana kila jibu linamgeuza mtu mmoja kuwa wa bei rahisi. Tulipotembea, tukauliza: hapa panaweza kubeba nini bila kumuumiza mtu? Hilo lina jibu, hata kama si kamili, na tunaweza kulitafuta pamoja.

Lakini linabaki neno la kwanza, "muda". Baadaye tulipokuwa tunachimba mfereji wa kuongoza maji, kijana mmoja aliacha jembe akaniuliza, "Dada, tunamchimbia nani? Kesho watatuambia turudi." Na wazee wengine wanasema zaidi ya hapo. Wanasema usipande mwembe kambini, utasahau Fizi. Ukipatengeneza sana hapa, unawaambia dunia kwamba umeridhika.

Hofu hiyo naielewa, na haiko kwa wazee tu. Hata serikali zinazotupokea zinaiogopa kambi iliyopangwa vizuri, zisije zikaonekana zimetupa nchi. Lakini angalieni kilichotokea jirani yetu. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na Wakongo wa kule wakaletwa Nyarugusu. Je, Lugufu ilikufa? Leo pale pana shule za sekondari za Tanzania. Mtabila, kambi ya Warundi, ilifungwa mwishoni mwa 2012. Leo ni kambi ya JKT, vijana wa Tanzania wanafanya mafunzo pale. Watu waliondoka, ardhi ilibaki na ikapokea wengine. Mti uliopandwa vizuri kule unampa kivuli mtu ambaye hakuupanda, na korongo lililoachwa kule limeachiwa mtu ambaye hakulichimba.

Hapa ndipo inanibidi niwataje wenyeji, kwa sababu nao waliachwa nje ya neno "patupu". Kabla ya kambi msitu huu ulikuwa na kazi kwa watu wa Makere na vijiji vingine: kuni, asali, uyoga, dawa. Tulipokuja na mashoka yetu tukitafuta kuni za kupikia, ugomvi ulizaliwa, na kuna waliopigwa, hasa wanawake. Mpango wa makazi usiohesabu kuni za kesho umeshapanga ugomvi wa kesho. Sisi tulioambiwa pale ni patupu tuliaminishwa uongo, na wenye msitu walifanyiwa uongo huohuo.

Nilimjibu yule kijana hivi. Nenda Ujiji au Tabora, uone miembe mikubwa inayokumbusha njia ya zamani ya misafara. Ile ilikuwa njia ya meno ya tembo na ya watu waliofungwa, siisifu. Lakini mwembe wenyewe haubagui. Miaka mingi baadaye umempa kivuli mjukuu wa mfungwa na mjukuu wa mpagazi. Kwenye njia ile karibu kila mtu alikuwa mpita njia, na bado kivuli kilikuwa na maana. Akanyamaza, akachukua jembe. Sijui kama nilimshawishi au alikuwa amechoka kunisikiliza.

Jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba mahali pa kupita panadai kupangwa vizuri, pengine kuliko mahali pa kudumu. Mwenye nyumba yake akiona imekaa vibaya, atauza, atahama, atajenga upya. Mkimbizi hana ruhusa ya kuhama hata klasta moja bila karatasi. Kosa la mpangaji kwake ni kama ukuta. Kadiri mtu anavyokosa uwezo wa kuondoka, ndivyo deni la anayempangia linavyokua. Na deni hilo haliishii kwa wenye ofisi. Sisi nasi tuna sehemu yetu. Anayetupa taka kwenye mfereji kwa sababu "hapa si kwetu" ameshampangia jirani wa chini mafuriko.

Na wewe unayesoma ukiwa Nakivale, Kakuma, Dzaleka au hapahapa Kigoma, ukiambiwa kesho kwamba sehemu fulani ni patupu, usibishe haraka na usikubali haraka. Nenda wakati wa mvua. Nenda usiku na dada yako. Muulize mwenyeji kulikuwa na nini. Halafu chora, hata kwa majivu.

Kuhusu Fizi, sijaisahau, na mfereji haukunisahaulisha. Siku tutakayorudi tutakuta vijiji vilivyoliwa na msitu, mipaka iliyosahaulika, na watu wawili wakigombania kila parseli. Kutahitajika vijana wanaojua kutembea juu ya ardhi pamoja na adui wa jana na kuuliza maji yanapita wapi. Nina kumi na wawili wanaojua.